Sikuwa Ndani ya Kipoyi

Wenzangu wa kwaya, na nyinyi mnaokuja kukaa kwenye benchi la duka langu la ushonaji bila kushonesha kitu, mmeniuliza vya kutosha. Kila mmoja anauliza kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa: ilikuwaje kule mlimani? Nimechoka kusimulia vipande vipande huku mashine inakimbia. Nimeandika yote hapa. Mkimaliza kusoma, mpeane.

Kwanza tuondoe moja njiani. Ndiyo, siku ile kipoyi kilishuka kutoka mlimani kikapita hapa Songo, mtaa wetu, mbio, na juu yake kulikuwa na kitenge changu cha njano chenye miavuli, ambacho hakuna mwingine anacho mtaani kwetu. Lakini mimi sikuwa ndani yake. Kwa ambaye hajakiona, kipoyi ni machela ya mianzi na kamba. Watu wa juu huteremshia wagonjwa wao, kwa sababu gari haliwezi kufika kule. Nimesikia kwamba mpaka Makobola kuna watu wanasema nilibebwa. Waambieni wasome.

Songo mpaka nyumba zinapokwisha

Mguu wangu wa kushoto mnaujua. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu, wakati bado tunakaa juu mlimani, na mguu huo unatembea na chuma kinachofungwa kwa mikanda miwili ya ngozi. Mama alinibeba mgongoni siku nzima mpaka hospitali ya hapa Uvira. Katikati ya njia, kwenye jiwe kubwa ambapo ziwa linaonekana lote, alinishusha ili apumzike. Alikuwa anasema nililia tangu kijijini, ila aliponionyesha ziwa nikanyamaza. Hatukurudi tena kukaa juu. Mama alifariki mwaka juzi, na tangu tulipomzika nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nipande mpaka lile jiwe kwa miguu yangu mwenyewe, bila kubebwa na mtu, nione kile nilichoonyeshwa.

Kaka yangu mkubwa, yaya Kiza mwenye duka la dawa kando ya barabara, alisikia akacheka. Alipoona sicheki, akakasirika.

"Riziki, weye ulishuka ule mulima ku mugongo ya mama. Sasa utapanda ku mugongo ya nani?"

"Ya minye mwenyewe."

"Utatuletea lufu mu nyumba!"

Nilimjibu kwamba kama ni lufu, basi wanizike kule kule juu, hewa ni nzuri. Nina miaka arobaini na sita, na maisha yangu yote watu wananitafutia kiti. Kanisani kiti, sokoni kiti. Kwenye harusi nimeshona gauni la bibi harusi mpaka vidole vimeuma, halafu ngoma ikianza, mtu anakuja na kiti: mama, kaa hapa. Nilimwambia yaya Kiza kwamba safari hii sitaki kiti cha mtu yeyote. Alirudi dukani kwake, nami nikadhani ameshindwa.

Mama Sifa alikubali kunionyesha njia. Anauza makala, yaani mkaa anaouchukua kule juu, na huo mlima anaupanda mara mbili kwa wiki kama mimi ninavyokwenda kuchota maji. Asubuhi tulichukua moto mbili, pikipiki za kukodi, mpaka pale nyumba zinapokwisha na njia inaanza kusimama. Kijana wa moto yangu alinishusha polepole, akaangalia chuma cha mguu, akavua kofia.

"Mama, uombe kwa nguvu. Batu banaponaka kule juu."

Alidhani nakwenda mlimani kwenye maombi ya kuponywa, kama wengi wanavyofanya.

"Siendi kuponyeshwa," nikamwambia. "Niko naenda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Ziwa."

Akageuka akaliangalia ziwa lililokuwa pale pale nyuma yetu, kati ya mapaa ya mabati, karibu kabisa. Akaniangalia tena mimi. Aliwasha moto yake akaondoka.

Mpaka chemchemi

Mwanzo njia inapita kwenye mashamba ya muhogo. Siyo mbaya, ila haina hata mita mbili za kupumzika. Mimi napanda hivi: fimbo mbele, mguu mzima, halafu navuta ule mwingine kutoka kwenye nyonga. Kabla ya kuweka fimbo lazima nimeshaangalia jiwe. Nyinyi mnatembea mkiongea na kuangalia watu. Mimi tangu utoto naangalia chini.

Akina mama walikuwa wanashuka na mizigo ya muhogo, kamba ya mzigo kwenye paji la uso, na kila mmoja aliyetupita alisema, "Pole, mama." Pole ya kwanza niliimeza. Ya nne nikasimama nikamuuliza aliyeisema, pole ya nini, ameona nini? Mama yule alishtuka. Mama Sifa akanivuta kwenye kivuli cha mgomba.

"Weye unagombana juu ya nini? Huku ku mulima kila mutu banamupaka pole. Minye pia banasha kunipa. Unafikiri iko ya muguu yako peke?"

Niliona haya. Pole zilizofuata nilizipokea, nikaanza hata kuzirudisha.

Jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa wanaume wanne waliokuwa nyuma yetu. Wawili walibeba mianzi mirefu mabegani, mmoja kamba, mmoja mkeka uliokunjwa. Nilidhani wanakwenda kujenga. Lakini tukisimama, wanasimama. Nikifunga kiatu, wanaangalia mawingu. Tulipofika kwenye chemchemi, tukakaa, tukafungua viazi vitamu na ndagala, yaani dagaa, wa kukaanga, nao wakakaa hatua kumi chini yetu. Nikamwita yule aliyeonekana mkubwa wao. Anaitwa Rubeni, ana mabega kama mlango.

"Ile mianzi iko ya nini?"

Rubeni akaangalia miguu yake. "Iko ya kipoyi, mama."

"Mugonjwa iko wapi?"

Mwenzake mmoja, ambaye hajui kusema uongo, akajibu: "Iko weye."

Jamani, nilichemka. Nilitoa simu, na mtandao wa ng'ambo ya ziwa ulikuwa umeshaikamata, ukanitumia ujumbe wa kunikaribisha Burundi. Nilimpigia kaka yangu hivyo hivyo nikiwa "Burundi." Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa kuwa wengine wenu ni watu wa kanisa. Yeye alijibu kwa upole wa muuza dawa: alitaka tu kama nikianguka, pawe na mtu wa kuniokota. Na kumbe alishawaambia majirani wote, Songo nzima, kwamba jioni nitarudi kwenye kipoyi na wasishangae.

Niliwaambia wale wanaume warudi. Rubeni akakataa kwa heshima zote. Alikuwa ametoa neno lake kwa yaya Kiza. Tulivutana mpaka viazi vikapoa. Mwishowe nikasema:

"Basi mupite mbele."

"Mbele, mama? Sasa ukianguka nyuma?"

"Nikianguka nitawaita. Mugonjwa hatembeake nyuma ya kipoyi. Mupite."

Wakapita. Mama Sifa alicheka mpaka akapaliwa na ndagala.

Ukuta

Juu ya chemchemi kuna sehemu ambayo watu wa makala wanaiita ukuta. Udongo mwekundu, mawe yaliyolegea, mizizi ya kushika kwa mkono. Pale sikupanda, nilitambaa, na sioni aibu kusema. Jasho liliniingia machoni. Mara mbili nilijiuliza nani alinituma, na mara zote mbili jibu lilikuwa ni mimi.

Katikati ya ukuta mkanda wa juu wa chuma ukakatika. Ulilia tap, mguu ukaniponyoka, nikakaa chini ghafla nimekumbatia mzizi. Wale wanne walikuwa wameshasimama juu yangu wananiangalia. Niliona Rubeni anaanza kufungua kamba ya mkeka.

"Rubeni," nikamwambia, "funga ile kamba."

Nikafungua mkoba. Nyinyi mnaonicheka kwamba natembea na sindano hata kwenye maziko, sikilizeni sasa. Nilikuwa na sindano nene ya kushonea ngozi, na uzi wa nailoni ninaotumia kwa mikoba. Nilishona ule mkanda nikiwa nimekaa kwenye ukuta, mguu mmoja unaning'inia. Sindano ilikataa kupenya kwenye ngozi, nikaisukuma kwa kijiwe. Nilipita mara tatu, nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno. Ilichukua muda mrefu, na mawingu yalikuwa yanashuka. Mama Sifa alikaa ananisubiri bila kuniharakisha, na hilo sitalisahau. Nilipojaribu kusimama, mkanda ukashika.

"Twende," nikasema. Rubeni aligeuka akapanda mbele yangu, na tangu pale hakuangalia nyuma tena.

Kwenye Jiwe

Saa saba hivi nililigusa lile jiwe kwa mkono. Ni jiwe kubwa, bapa, limelainika kwa kukaliwa. Nilikuwa nimefika, na kwa miguu yangu. Niligeuka kuangalia ziwa.

Hapakuwa na ziwa. Kulikuwa na ukungu mweupe, kuanzia vidole vya miguu yangu mpaka Burundi.

Nililia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, nikiugombeza ule ukungu kwa sauti. Manyunyu yakaanza. Rubeni akasema ingefaa tushuke kabla ukuta haujalowa. Nikamwambia ashuke, mimi nitakaa mpaka huo ukungu uniombe radhi. Nilijifunika kitenge changu cha miavuli, nikakaa. Sikupanda pale kuja kuona maziwa ya unga.

Nilikuwa bado nimekaa niliposikia mtu anahema kwenye njia inayotoka juu. Alikuwa mwanaume, amemfunga mke wake mgongoni kwa shuka kama mtoto, naye ana mimba kubwa. Walikuwa wametoka kijijini tangu alfajiri. Mwanamke anaitwa Feza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mume alipiga magoti ili amshushe, na akamshusha pale pale kwenye jiwe.

Mnaelewa nilivyojisikia. Nilimwona mama yangu.

Niliinuka. "Rubeni," nikasema, "mugonjwa wenu amefika."

Kushuka

Walikifunga kipoyi haraka kuliko mimi ninavyofunga kifurushi. Feza alipolazwa akaona lile bonde, akafumba macho.

"Munifunike! Sitaki kuona kule chini!"

Nikamfunika kwa kitenge changu, kichwa na yote. Simu yangu nikampa mumewe, akimbie mbele, akapate mtandao, awaambie wa uzazi hospitalini wajiandae.

Kwenye kipoyi lazima awepo mtu wa mbele wa kusema njia, maana wabebaji wa nyuma hawaoni miguu yao. Mama Sifa alijaribu. Lakini yeye anaijua njia kwa mwili, hajawahi kuihesabu; alisema "hapa pabaya" wakati wa nyuma walikuwa wameshateleza. Kipoyi kikayumba, Feza akapiga kelele. Nikampita Mama Sifa.

"Jiwe kushoto, linacheza," nikasema. "Hatua fupi. Muzizi kulia, uko imara, kanyaga. Sasa udongo, munashuka na kisigino."

Hakuna jiwe kwenye ule ukuta ambalo sikuwa nimeliangalia saa mbili kabla. Nilishuka hatua tano mbele yao, fimbo, mguu, nyonga, nikiwaambia kila kitu, na kwenye mteremko ule hakuna anayekimbia, kwa hiyo mwendo wangu na wao ulikuwa mmoja. Nyuma sauti ya Rubeni ilikuwa inarudia: "Jiwe kushoto. Muzizi kulia." Tuliokutana nao wanapanda walifanya kama inavyofanywa: wakatua mizigo yao kando ya njia, wakatoa bega mpaka kona inayofuata, halafu wakarudi kuichukua. Hakuna mtu anayepita kipoyi chenye mgonjwa hivi hivi, na hakuna anayegusa mzigo ulioachwa namna ile.

Karibu na mwisho wa ukuta Rubeni akasema, "Tubadilishe bega." Wakasimama. Kwa mara ya kwanza tangu jiweni niliinua kichwa.

Ukungu ulikuwa umepasuka. Ziwa lilikuwa pale lote. Maji ya mto Ruzizi yalikuwa yanaingia, ya udongo, yakienda mbali kabla ya kukubali kuwa bluu. Ng'ambo Bujumbura, nyeupe, na milima yake nyuma. Kusini pwani inakwenda inajikunja kuelekea Makobola. Na sisi, Uvira yetu yote na kelele zake, tumebanwa chini kati ya mlima na maji, nyumba ndogo ndogo, mtu angeweza kutufunika na kitambaa kimoja. Mama hakunidanganya. Mtoto yeyote angenyamaza.

Nikafikiri: naye aliliona kwa muda kama huu huu, wa kupumzisha mgongo, halafu akanibeba tena. Nilimpenda mama yangu pale kuliko siku yoyote aliyokuwa hai, na niliukasirikia ule mlima kwa niaba yake.

"Tayari, mama," Rubeni akasema.

Nikashusha kichwa. "Jiwe kulia. Hatua ndefu."

Nyumbani

Chini, njia ilipokuwa pana, hawakunihitaji tena. "Mukimbie," nikawaambia, wakakimbia na Feza mpaka hawaonekani. Mimi na Mama Sifa tulibaki nyuma. Moto mbili zilisimama, zote nikazikataa. Nilitaka kufika mlangoni kwa miguu. Ilinichukua muda mrefu sana, jua likawa limeshuka nyuma ya mlima, na mguu ulikuwa unawaka moto.

Nyumbani kwetu niliona watu wengi. Wanaume walikuwa wanafunga turubai, mkokoteni unateremsha viti vya kanisa, na ndani wanawake wanalia. Nikadhani yaya Kiza ameanguka. Nikamshika bega mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma, uso kwenye kitambaa.

"Nani amekufa?"

"Riziki wa kushona," akajibu bila kuinua uso. "Mulima imemumaliza."

Halafu akainua uso. Huyo alikuwa mmoja wenu, simtaji, lakini alikimbia akiacha kandambili zote mbili.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kipoyi kilipita mbio, mtu amefunikwa kichwani na kitenge changu. Yaya Kiza alitoka dukani akapiga kelele kuuliza, Rubeni akajibu akihema, "Iko mubaya, utuache tupite." Shemeji yangu alikimbilia hospitali kunitafuta kati ya wagonjwa, hakuniona, na mtu akasema kama hayuko kwa wagonjwa basi yuko kule kwingine. Wakanipigia simu. Akapokea mwanaume analia: "Tuko ku lopitali, mutuombee." Nani angengoja zaidi? Mlianza kulia, na nawashukuru, mlilia vizuri, hata wale ambao nguo zao nimezichelewesha.

Kelele zilikatika moja moja nilivyokuwa naingia. Yaya Kiza alikuwa amekaa chini, bila viatu, uso umevimba. Aliniona. Aliangalia chuma, akaangalia ule mkanda ulioshonwa, akaangalia matope mpaka kwenye nyonga.

"Nani alikubeba?" akauliza.

"Hakuna."

Akasimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa ananishika tukiwa wadogo, akalia mbele ya watu wote. Nami nililia. Tulikuwa bado tumeshikana simu ya shemeji ilipoita. Alikuwa mume wa Feza, na simu yangu: mtoto ametoka, wa kike, analia mpaka barabarani. Kitenge sijaletewa mpaka leo, na sijakiulizia.

Halafu kaka yangu akajifuta uso, akageukia watu, akapaza sauti: "Muletee dada kiti!"

Viti vyote vya kanisa vilikuwa pale, vimepangwa mistari, vimeletwa kwa ajili yangu. Watu wanne walikuja navyo kwa pamoja.

Nilisimama. Mliniona. Nilisimama mpaka cha mwisho kikarudishwa kwenye mkokoteni.